Jumamosi za Mtaro

"Leo sichimbi."

"Utachimba. Kila nyumba inatoa mtu mmoja. Ni harambee."

"Harambee ya mavi? Baba Nyokabi, mtoto amelala ndani, tumbo inamuua. Jumamosi iliyopita nilichimba. Ile ingine nilichimba. Na mtaro unaziba tu."

"Sasa tukae tunuse?"

Wainaina alisimamisha jembe mlangoni, kati yake na mke wake Wanjira. Walikaa kwa zile nyumba za mabati chini ya mtaa wa Muthangari. Mtaro wa maji machafu ulipita nyuma, karibu na bomba la maji ya kunywa. Ukiziba, uchafu ulifurika mpaka chini ya bomba. Huko juu, kwa wenye bustani, mtaro ukiziba asubuhi, lori la mji lilifika kabla ya chai ya saa nne. Wainaina alijua. Ndiye aliyekata majani ya bustani hizo.

Jirani yao Mwololo alipita na ndoo. Alikuwa amefanya kazi ya mitaro ya mji miaka kumi na tisa.

"Chimbeni tu," akasema. "Mnawapa watu wa ofisi usingizi mzuri."

"Mzee, usitucheke na tuna mgonjwa," Wanjira akamwambia. "Nimeenda ofisi ya mji mara tatu. Karani ananiambia mkaguzi atakuja."

"Na huwa anakuja?"

"Kila Jumatatu."

"Nyinyi mnasafisha Jumamosi. Jumatatu anakuta maji inapita vizuri. Anaandika kwa kitabu: hapa hakuna shida. Mimi nimebeba hicho kitabu, mama. Kule ofisini, mtaro wenu haujawahi kuziba."

Wanjira alijikumbuka akichimba na Nyokabi mgongoni, jua likimpiga kisogoni. Hasira ikampanda.

"Kwa hivyo ni mimi nilikuwa nafuta ushahidi?"

"Kwa jembe yako mwenyewe. Harambee ni ya kujenga kitu ambacho hakiko. Huu mtaro uko, na wenye kazi yake wanalipwa kwa kodi yenu. Andikeni barua, mbili sawasawa. Semeni mtaa, tarehe, na watoto wangapi wanaugua. Kila mtu aweke sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole. Moja iache ofisini. Ingine ipigwe muhuri, urudi nayo. Na mtaro msiuguse."

"Na watoto je?"

"Wakae mbali nao. Maji ya kunywa, chemsha mpaka itokote. Hiyo ni kazi yenu. Mtaro ni kazi yao."

Jumatatu asubuhi Wanjira alikuwa mjini, mbele ya karani, na barua mbili zenye sahihi za majirani.

"Wacha hapo mezani, mama."

"Nawacha moja. Hii piga muhuri."

"Muhuri ya nini?"

"Ya kuonyesha nilikuja. Mdomo yangu imekuja hapa mara tatu na hakuna mtu anaikumbuka."

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Karani akapiga muhuri.

Mtaro haukuwa umeguswa, na siku hiyo mkaguzi alikanyaga uchafu mpaka kwa soksi. Akaandika. Wiki ikapita, lori hakuna. Wanjira alirudi na barua yake yenye muhuri. Safari hii alimpita karani, akaingia kwa mkubwa wake.

"Hii tarehe unaiona?" akamuuliza.

Lori likaja Jumatano. Bomba la maji likahamishwa mbali na mtaro. Nyokabi akapona, akaanza kukimbia uani na kuwasumbua kuku.

Jumapili kaunsila, diwani wa mtaa, akafika, suti na fimbo.

"Nimewaletea mtaro," akasema. "Akina mama, hakuna wimbo?"

Wainaina akaanza kupiga makofi. Akamwona mke wake, akaacha.

"Umetuletea nini?" Wanjira akauliza. "Umefanya kazi yako, tena umechelewa, na mtoto wangu karibu afe. Mimi nikifagia nyumba yangu, nani huniimbia?"

Akachukua ndoo yake, akageuka, akaenda zake bombani.