Nilificha Jina la Mama Awino, Nikaacha Salamu Zake

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi Kabiro, Kawangware. Kwa miaka sita nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mtaa kule Kibera. Huenda baadhi yenu mliwahi kunisikia. Kama mlinipenda, leo mtanichukia kidogo, na sitawalaumu...

Kila Jumamosi nilikuwa na kipindi cha salamu. Malkia wa kipindi hicho alikuwa Mama Awino, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Kisumu Ndogo, ndani ya Kibera hiyohiyo. Salamu zake hazikubadilika: ziwaendee walioshiba na waliolala njaa, wa juu ya reli na wa chini ya reli, na mwisho kabisa zimfikie Nekesa, binti yake wa Kabiro, mwenye sauti ya kuamsha mgonjwa. Watoto wa Kisumu Ndogo walizikariri wakicheza!

Nekesa ndiye mimi. Nilipokuwa nikijitolea pale redioni bila mshahara, mama huyu ndiye aliyenifungia omena kwenye gazeti nikapike nyumbani. Hakuwa ndugu yangu wa damu, lakini nilimwita mama, na akaitika.

Kisha maji yakaanza kupotea Kisumu Ndogo. Mifereji ilikauka siku tatu, nne, huku matangi ya mwenyekiti wa mtaa, aliyeuza maji, yakiwa yamejaa na foleni ya mitungi ikizunguka kona. Mwenyekiti simtaji hapa jina. Angalau hilo nimejifunza. Watu walinong'ona kwamba ni yeye anayefunga maji, ila Mama Awino alikuwa ameona kwa macho yake. Koki kubwa ilikuwa nyuma ya kibanda chake cha omena, na asubuhi moja mwenyekiti alikuja mwenyewe na spana, akaifunga, akaenda zake.

Nilimwomba aeleze redioni. Alipepeta omena kwanza, akaweka ungo chini.

"Nitaongea," aliniambia. "Lakini jina yangu isitoke, Nekesa. Hii kibanda iko kwa ploti yake, na nyumba nalala pia ni yake."

Nikamwapia. Tena nilimweleza kwa maringo kwamba maadili ya kazi yetu yanatudai tumlinde anayetupa habari, kwamba hata nikipelekwa kortini sitafungua mdomo. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku mbili, na cheti nimekitundika ukutani! Nani angenifundisha kazi?

Tulirekodi kwangu Kabiro ili asionekane. Nilipowasha kinasa sauti, mama wa watu hakujua kuanza bila salamu. Akasalimu kama kawaida yake, ndipo akaeleza habari za koki.

Nilipoketi kuhariri, nilikata jina lake kila lilipotokea. Sauti nikaikoroga kwa kompyuta hadi ikawa nzito kama ya mwanamume. Nikafika kwenye salamu... mkono ukasita.

Wasomaji wenzangu, nilijua lazima zitoke. Sikupitiwa! Lakini mle ndani mlikuwa na jina langu na sifa zangu, na hii ilikuwa habari kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Mtaa mzima ungesikiliza. Nikajiambia, wanaonisalimu ni wengi, nani atajua? Nikaziacha.

Habari ilirushwa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwa msusi pale Kibera, kichwa nusu kimesukwa. Msusi alisimamisha vidole.

"Hizi si ni salamu za Mama Awino?" akasema. "Hapo wamechezea sauti tu."

Wateja wakacheka. Mimi nikainuka, kichwa nusu hivyohivyo, nikakimbilia redioni.

Mchana huohuo mwenyekiti alifika redioni na wakili, wakitishia kutushtaki kwa kumharibia jina. Wakili alitaka kujua nani amesema. Nilikataa katakata, nikamsomea masharti yote ya cheti changu. Meneja wangu alikuwa akinitazama kwa fahari. Mwenyekiti hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mimi sihitaji jina, madam," alisema akiinuka. "Hata mimi huskiza kipindi yako ya Jumamosi."

Kibanda kilibomolewa kesho yake. Mama Awino akaambiwa ahame nyumba wiki hiyohiyo, na bintiye wa kumzaa akatolewa shule mtihani ukiwa umekaribia. Nilipopiga simu haikushikwa. Kesi? Haikufunguliwa kamwe. Ya nini, na alishampata aliyemtaka?

Lililoniumiza zaidi ni kwamba ofisini walinipigia makofi kwa kusimama imara. Maji yalirudi, mifereji ikatiririka, na watu wakanishukuru mimi! Niliyapokea makofi hayo nikiangalia sakafu. Jumamosi zikaja, simu za salamu zikalia, zote za watu wengine. Mwishowe nikaacha kazi.

Miezi ilipita kabla sijamwona tena, katika soko la Kawangware, amekaa chini, omena ametandaza juu ya gunia. Amekonda... Nililia mbele za watu. Nikamwambia yote, hata jinsi mkono ulivyosita. Alisikiliza huku akijaza gorogoro, kopo lake la kupimia.

"Miezi yote hii najilaumu," alisema polepole. "Nasema ni mdomo yangu ilinichoma. Kumbe uliskia hizo salamu, ukaziacha."

Kisha akaniomba nisogee kando, mteja apite.

Nawasihi nyote, watangazaji na hata wewe unayerusha video kwa simu yako: mtu akikukabidhi siri yake, kumficha jina pekee hakutoshi. Isikilize habari upya kwa masikio ya anayemchukia. Kitoe kila kitakachomfichua, hata kama ndicho kinachokusifu wewe. Hasa hicho! Mimi nilitaka kusikika, na aliyelipia ni mwanamke aliyenilisha.

Mpaka leo, kila Jumamosi napita pale sokoni, nasimama mbele ya gunia lake na kumsalimu. Bado hajaitikia.