Mchapaji Hajakosea

Nyumba yetu ilijaa herufi. Kila asubuhi, kabla chai haijawekwa mezani, ilinibidi kwanza niondoe “ba be bi bo bu” upande wa sahani na “ma me mi mo mu” upande wa vikombe. Mama alikuwa mkufunzi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu namna ya kuwafundisha watoto wadogo kusoma, na kadi zake za silabi hazikuwa na adabu hata kidogo. Zilikaa juu ya kochi, zililala chini ya kitanda, na siku moja baba alifika kazini kwake na “ku” imenata mgongoni mwa koti. Wenzake walimcheka hadi saa ya kutoka.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukata. Mama alichora, mimi nikakata kwa mkasi, na huku nikikata yeye alisoma kwa sauti hadithi fupi alizoandika kwa ajili ya darasa la kwanza, apate kusikia kama zinatamkika. Alisoma mara mbili, mara tatu. Mimi ilinitosha mara moja. Shuleni waliniita Redio kwa sababu hiyo. Nikisikia kitu naweza kukirusha neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha msomaji.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuna aliyelijua. Nilikuwa darasa la nne, mtoto wa mkufunzi wa kusoma, na sikujua kusoma.

Silabi nyepesi nilizijua. Baba, kaka, meza, hayo nilijikongoja nayo mpaka nikafika. Lakini nilipokuwa darasa la pili niliugua surua, halafu homa ya mapafu, nikakaa nyumbani karibu muhula mzima. Niliporudi wenzangu walikuwa wameshapita “mb” na “nd”, wamepita “ny” na “sh”, wamefika mbali. Tulikuwa wanafunzi sabini na wawili tunaoitikia kwa pamoja, na watu sabini na wawili wakiitikia kwa pamoja hujui nani anasoma na nani anafungua mdomo. Nikafungua mdomo. Jirani yangu wa dawati alikuwa na tabia ya kunong’ona ukurasa wote kabla ya zamu kumfikia, nami nikamtegea sikio. Mwalimu akinisimamisha, nakohoa kidogo, naangalia kitabu, narusha. Nikasifiwa. Ukishasifiwa mara ya kwanza, inakuwa vigumu sana kurudi kusema kwamba hukustahili.

Nyumbani mambo yalikuwa rahisi zaidi, na mabaya zaidi. Mama alisafiri kutoka shule hadi shule, akarudi Ijumaa miguu imevimba, akajitupa kwenye kochi na kuniomba nimsomee kitu. Nilifungua kitabu nilichokijua kwa kichwa. Alisinzia akitabasamu, na mimi nikiangalia lile tabasamu nilijiona mwizi.

Likizo ile mama na mwenzake waliandaa mafunzo ya siku tano katika kituo cha walimu. Mwenzake alikuwa mzee mrefu mwenye miaka thelathini na mmoja kazini. Walimu walimwita Mwalimu Irabu, lakini nyuma ya mgongo wake, kwa sababu kabla ya kuzungumza alisafisha koo kwa kusema “a, e, i, o, u”. Alijua wanamwita hivyo, akajifanya hajui.

Mama alitaka mtoto mmoja awasomee walimu hadithi ya kwanza, wasikie inavyopaswa kutiririka. Hakutafuta mbali. Niliposikia jina langu nilisema koo linaniuma. Akanichanganyia maji ya uvuguvugu na chumvi nisukutue, na mjadala ukaishia hapo. Nikajipa moyo kwamba ni ukurasa mmoja tu. Hadithi ilikuwa ya babu na ng’ombe wake, na nilikuwa nimeisikia tangu wiki mbili zilizopita.

Jumatatu asubuhi ukumbi ulijaa walimu thelathini na wanane kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na daftari jipya mapajani. Karibu na mlango palikuwa na boksi la nakala za hadithi, bado limefungwa kwa gundi ya karatasi. Nakala moja tu ilikuwa imetolewa, nayo ni ya kwangu. Mama alikuwa ameshaniambia kwamba pale nimwite Mwalimu, nisimwite mama.

Nikasimama mbele. Nikaishika karatasi umbali unaofaa, nikapitisha kidole chini ya mstari kama nilivyomwona mama akifundisha, nikaanza. Babu ana ng’ombe. Ng’ombe wa babu anapenda majani. Kwenye nukta nilipumua, kwenye swali nikapandisha sauti. Nilipomaliza walimu walipiga makofi mpaka kuta zikaitikia.

Nikamgeukia mama nilichukue lile tabasamu. Halikuwepo. Alikuwa ameikodolea macho karatasi iliyokuwa mkononi mwangu, midomo imemkauka. Mwalimu Irabu alikuwa ameshainama kwenye boksi na wembe tayari kulifungua. Akajinyoosha polepole, akaurudisha wembe kwenye karatasi yake, akasafisha koo, a, e, i, o, u, kisha akatangaza kwamba anaona leo chai imefika mapema. Chai haikuwa imefika. Mpishi alikuwa bado anasuuza vikombe nje. Lakini walimu hawajawahi kuikataa chai, wakainuka wote.

Mama alinishika mkono akaniingiza stoo, akafunga mlango. Aliniomba nisome tena mstari wa kwanza, safari hii nikiangalia kila herufi. Nikaangalia.

“Babu ana ku… ku.”

Ijumaa iliyopita, wakiwa ofisini, Mwalimu Irabu alikuwa amemkumbusha mama kwamba “ng’” hufundishwa mwishoni, na mtoto aliye miezi ya kwanza shuleni hawezi kuisoma. Basi wakamwondoa ng’ombe hadithi nzima, wakamweka kuku, na majani yakawa mahindi. Mimi sikuwepo ofisini. Nilikuwa nimewasomea watu thelathini na wanane ng’ombe ambaye hakuwepo kwenye karatasi.

Mama akachukua katoni ya chaki kutoka kwenye rafu, akanionyesha maneno yaliyoandikwa ubavuni. Nikasema yameandikwa chaki.

“Usibahatishe,” alisema. “Soma.”

Nikajaribu. E, pu, halafu nikakwama. Baadaye nilikuja kujua kwamba yalikuwa “Epusha na unyevunyevu”. Siku ile kwangu yalikuwa ukuta. Nikamwambia yote, surua, kuitikia, jirani wa dawati, hadithi za Ijumaa, nikilia katikati ya marobota ya karatasi za manila. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa juu ya katoni kama mtu aliyetembea safari ndefu.

“Nimewafundisha walimu wangapi namna ya kumgundua mtoto kama wewe?” alisema. Hakuwa akiniuliza mimi. Kisha akaniangalia. “Na wewe uko kwangu, unanikatia kadi.”

Alijifuta uso kwa kitambaa. Aliniambia nitoke kwa mlango wa nyuma niende nyumbani, yeye ataona la kufanya. Watu wale walikuwa wameacha familia zao kuja kumsikiliza. Wakijua kwamba mtoto wake mwenyewe hawezi kusoma, atawaambia nini kwa siku tano, na nani atamsikiliza? Nilisikia nafuu kubwa, na mpaka leo nafuu ile inanitia aibu kuliko makofi.

Nilikuwa nimefika getini mlinzi aliponisimamisha. Alikuwa mtu mcheshi, na alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani. Alinipongeza, akasema hata yeye ana wa kwake darasa la pili, naye ni moto wa kuotea mbali.

“Anasoma kama wewe, mwanangu,” alisema kwa fahari. “Hata kitabu haangalii. Macho yapo dirishani, mdomo unasoma. Mwalimu wake yumo humo ndani, muulize.”

Nilitaka kumwambia. Nilisimama pale na mkono kwenye komeo, nikamfikiria yule mtoto akifika darasa la nne, akimtafuta mtu wa kumtegea sikio. Mwalimu wake alikuwa ametoka kunipigia makofi mimi. Shule zikifunguliwa angerudi darasani akampigie makofi na yeye pia.

Nikaliachia komeo, nikarudi.

Walimu walikuwa wameshakaa. Mama alikuwa mbele, boksi liko miguuni pake, limefunguliwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mikono ilikuwa inakunja na kukunjua kona ya karatasi. Alikuwa akiwaeleza kwamba wataona tofauti ndogo kati ya nakala zao na hadithi waliyoisikia. Pale walipomsikia ng’ombe watamkuta kuku. Wasishangae, ni kosa dogo la mchapaji.

Mwalimu Irabu alikuwa amekaa pembeni, anaangalia sakafu.

Mama alikuwa hajawahi kusema uongo mbele yangu. Alikuwa anausema kwa ajili yangu, na kila mtu ukumbini alikuwa anauandika kwenye daftari.

“Mama,” nikasema nikiwa mlangoni. “Mchapaji hajakosea. Ni mimi. Sikusoma, nilikariri. Kusoma sijui.”

Kalamu zilisimama. Walimu wote waligeuka, na mmoja wa viti vya mbele akaziba mdomo kwa kiganja. Mama alifumba macho. Nilidhani ataniambia nitoke. Badala yake alikuja hadi mlangoni, akanishika bega, akarudi nami mbele.

“Anasema kweli,” aliwaambia. “Nakala ziko sawa. Huyu ni binti yangu, na mimi nilikuwa nawaficha. Naomba radhi.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi cha puani. Wengine walinong’onezana. Nilimsikia mwalimu mmoja akimuuliza mwenzake kwa sauti ya kutosha kama basi waende zao nyumbani. Mama alisikia pia. Alibaki amesimama, mkono wake ukiwa bado begani kwangu.

Mwalimu Irabu alinyanyuka. Safari hii hakusafisha koo. Aliniuliza mimi, si mama, kama ninakubali afanye kazi na mimi mbele ya watu, akasema nikikataa hatanilaumu. Nikakubali. Akachukua chaki akaandika maneno sita ubaoni: teku, lomi, bafo, mbeso, nyafu, shobi. Akasema hakuna lugha yenye maneno hayo, ameyatunga dakika hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna redio iliyowahi kuyarusha. Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka nikiwa na machozi.

Teku nilisoma. Lomi nilisoma. Bafo nilisoma, taratibu. Kwenye mbeso nilisimama.

“Hapa sijui,” nikasema.

“Vizuri sana,” alisema, na alimaanisha hivyo. Akapiga mstari wima katikati ya ubao. Akawaonyesha walimu kwamba upande huu mtoto anasoma, upande huu hasomi, na mpaka upo palepale herufi mbili zinapoungana. Akaniuliza nilikuwa wapi darasa letu lilipofundishwa kuunganisha. Nikasema nilikuwa kitandani, naumwa. Yule mwalimu aliyeziba mdomo akainua mkono. Alisema darasani kwake ana watoto wanne wanaosoma bila kuangalia kitabu, na muda wote huu aliwahesabu kuwa ndio wake bora. Nami nikawaambia habari ya mtoto wa mlinzi. Hakuna aliyeuliza tena habari ya kwenda nyumbani.

Likizo yote iliyobaki nilisoma dakika ishirini kila siku alasiri, na mama hakusafiri. Aliahirisha safari zake zote, nikajua amewakatalia watu wakubwa. Tulianza na “mb”, tukaenda “nd”, tukapigana na “shw” siku tatu. Kuna siku nilirusha kadi chini nikasema bora nirudi kuwa Redio. Mama aliziokota moja moja, akazipanga upya. Wiki ya pili ya muhula nilipopewa ukurasa mgeni darasani, nilijikwaa mara tano, wakasema redio imeisha betri. Iliniuma, lakini niliendelea mpaka nukta ya mwisho.

Mwezi mmoja baadaye Mwalimu Irabu alileta bahasha nyumbani. Alisema barua iliyomo ameiandika asubuhi hiyohiyo, hajamsomea mtu, na mama asiiguse. Nilikaa nayo mezani karibu robo saa, nikifuata kila neno kwa kidole. Iliandikwa hivi:

“Mjukuu wangu, siku ile uliniambia neno moja ambalo walimu tunalihitaji kuliko makofi. Uliniambia hujui. Mtoto anayejificha hatuwezi kumsaidia hata tukiwa na ujuzi wa miaka thelathini na mmoja, kwa maana hatuoni pa kuanzia. Usije ukaona aibu tena kutuonyesha mahali ulipokwama. Mtoto wa mlinzi naye amegunduliwa pale alipokwama, na anaendelea vizuri. Mwambie mama yako kwamba mimi pia nilijua, nikamwacha aseme ni mchapaji. Wewe ulituokoa wote wawili.”

Mama alikuwa amesimama jikoni, anajizuia asiulize. Nikamwita aje akae, nikamsomea barua yote kwa sauti tangu mwanzo. Kwenye “tunalihitaji” nilikwama, nikamwambia, akanisubiri. Safari hii hakusinzia.