Kitenge cha Mama Penina

Taya la Marcelina lilianza kulia wakati wa kula. Tak, tak, kila akitafuna tonge la ugali, na Masatu mumewe akamtania kwamba amemeza saa. Kijiji kizima cha Kibara kikacheka. Lakini Jumapili moja kanisani, mahubiri yakiendelea na mdomo wake umefungwa, taya likalia mara tatu na puani mwake ikaingia harufu ya ugoro. Mnusa ugoro wa nyumba ile alikuwa mama mkwe wake, Penina, na Penina alikuwa kaburini tangu mwaka uliopita.

Hapa tuseme ukweli, maana Marcelina hakuusema. Penina alikufa mwaka themanini na tatu, nguo zikiwa adimu kiasi kwamba watu walikwenda ibadani na viraka juu ya viraka. Alikuwa ameficha kitenge kipya sandukuni, akamwagiza mkamwana wake, wakiwa wawili tu: "Nikifa, unifunge taya kwa hiki. Nisiende mdomo wazi." Marcelina akaitikia. Siku ilipofika akakitazama kitenge, akautazama mwili, akachukua uzi wa nyavu wa Masatu akafungia huo. Uzi wa nyavu una utelezi. Kabla jeneza halijafunikwa ulikwisha kuachia, naye aliona, akanyamaza. Kitenge akakishona gauni. Alilivaa Krismasi, akasifiwa na kila mtu.

Taya likazidi, mpaka akawa wa kunywa uji tu. Hospitali aliiogopa kama kifo. Utotoni wanaume wanne walimkandamiza, akang'olewa jino kwa koleo, na jino lenyewe halikuwa lile bovu. Mara mbili alifika hospitali ya Bunda akatoroka kwenye benchi.

"Musoma kuna mganga wa meno anaitwa Wenceslaus," wifi yake Helena akamwambia. "Yule hashikagi mtu kwa nguvu. Anakuombaga ruhusa kwanza."

Wakapanda lori la pamba, yeye na Masatu. Gauni la heshima alikuwa nalo moja tu, akalivaa lile.

Wenceslaus alikuwa mtu mzima wa sauti ya chini. Alifunga droo ya vyuma mbele ya macho ya Marcelina.

"Leo hakuna koleo, mama. Ni vidole vyangu tu. Ukiinua mkono, naacha." Akaweka vidole mbele ya masikio yake. "Fungua polepole. Vizuri. Hiki ni kiungo cha taya, kinahama kidogo kwa sababu unakazaga meno. Kuna neno unalizuia?"

Upole ule ulimuumiza kuliko koleo. Angefokewa angejua la kufanya. Akatikisa kichwa.

"Haya, funga mdomo."

Akafunga. Vidole vya Wenceslaus vikabaki palepale, kisha vikabonyeza tena, kwa sababu midomo ya Marcelina ilikuwa imebana kabisa lakini chini ya ngozi kiungo kilikuwa kinafunguka na kufungika, kinafunguka na kufungika, kama cha mtu anayezungumza, na harufu ya ugoro ikajaa chumba kizima mpaka Masatu aliyekaa mlangoni akanyanyuka, akamwona mkewe anapanua mdomo taratibu kupita kiasi cha mdomo wa binadamu, ulimi umelala bila kucheza, na huko ndani ikatoka sauti ya mama mzazi wa Masatu.

"Mkamwana. Sema wewe, ama niseme mimi."

"Bwana Yesu," Masatu akanong'ona. "Mama?"

Marcelina akainua mkono, akaelekeza kwenye taya lake. Wenceslaus, jasho likimtiririka, hakukimbia. Aliyakanda mashavu yake kwa viganja mpaka mdomo ukarudi kiasi cha kusema.

"Nilimfunga mama kwa uzi wa nyavu," akasema huku analia. "Ukaachia, nikaona. Kitenge yake ndiyo hii gauni. Nisamehe, mume wangu."

Harufu ikakatika. Masatu akaangalia sakafu.

"Hata mimi niliona," akasema kwa sauti ndogo. "Mfuniko nilipigilia mimi. Nikaona mama yuko mdomo wazi, nikaona haya mbele ya watu, nikapigilia haraka..."

Hakumaliza. Mdomo wake ulibaki wazi, ukapanuka, ukaendelea kupanuka, macho yamemtoka, na Wenceslaus akamkimbilia. Marcelina alibaki kitini. Mungu amsamehe, jambo la kwanza lililomjia halikuwa hofu wala huruma. Taya lake lilikuwa limeacha kuuma, naye alifurahi.