Ukurasa Mmoja Kila Alfajiri

Wahida ni fundi cherehani wa Kaole. Anashona sare za shule na madera, na mdomo wake haupumziki. Hadithi zake ni tamu hata wateja husahau kuondoka. Ndiyo maana mama yake, Bi Mardhiya, alimpa kazi.

Bi Mardhiya ana miaka sitini na minane. Mwaka huu alijiunga na kisomo cha watu wazima, na sasa anasoma. Apewe heko yake, maana wenzake watatu walioanza naye walikata tamaa. Siku ya mahafali, kila mwanafunzi angesimama mbele ya watu asome ukurasa mmoja.

"Mimi sitaki habari za sungura na fisi," alimwambia binti yake. "Nataka kusoma hadithi uliyoiandika wewe."

"Nitakuandikia, mama. Hiyo kazi ndogo."

Kazi ndogo! Alinunua kauntabuku mpya, akaandika: "Hapo kale tajiri mmoja alifika mlangoni mwa jumba la kifahari." Akaisoma, hakuipenda, akaichana karatasi ile kutoka daftarini. Kesho yake akaandika sentensi ileile kwa maneno makubwa zaidi. Akachana tena. Karatasi zote alimpa Kibwana, muuza karanga, afungie karanga zake.

Wiki tatu zikapita. Kauntabuku ilikonda, na kabla ya mahafali zilibaki wiki tano. Kila jioni Bi Mardhiya aliuliza, "Imefika wapi?" Wahida akaanza kumkwepa mama yake mwenyewe. Msemaji kama yeye, kukosa neno! Ilimuuma sana.

Asubuhi moja jirani yao Gertruda alibisha hodi. Gertruda ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi ameandika michezo ya redio.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza habari za tajiri wako." Alitoa karatasi nne zilizokunjamana. "Nimenunua karanga kwa Kibwana mara nne. Mara nne huyu bwana amefika mlangoni, na mara nne hajaingia. Kakatazwa na nani?"

Wahida alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Akili imefunga, Mwalimu. Nangoja itulie."

"Ukingoja itulie, mahafali yatapita. Yangu pia hufunga. Dawa yake ni kuandika kila siku, saa ileile, hata kama huna hamu. Una nafasi saa ngapi?"

"Baada ya sala ya alfajiri, kabla sijawasha jiko."

"Basi hapo. Ukurasa mmoja. Usichane, usifute, usirudi nyuma. Kusahihisha kuna siku yake. Ukikosa la kuandika, andika kwamba umekosa."

"Na nikiandika upuuzi?"

"Uandike wote, ukurasa ujae. Halafu, huyo tajiri unamjua?"

"Hata kidogo."

"Mwache aende zake. Andika watu unaowajua, kwa maneno unayosema ukiwa kwenye cherehani. Kila asubuhi nitapita hapa na swali moja tu: umeandika?"

Siku ya kwanza Wahida aliandika "Sina la kuandika" mara sita, kisha akaandika habari za paka aliyelalia kitambaa cha mteja. Siku ya nne usingizi ulimpitia. Gertruda alipouliza, alijibu hapana kwa aibu.

"Haya, kesho," alisema Gertruda, akaenda zake bila kumgombeza.

Kesho yake aliandika. Kurasa zikawa tano, zikawa tisa. Mkono ukazoea, ukawa unaanza kabla kichwa hakijakubali.

Siku ya kumi na mbili mkono uliandika jambo ambalo Wahida hakulipanga. Siku alipoanza sekondari, mama yake alitakiwa kutia sahihi kwenye fomu ya shule. Hakujua kuandika, akachovya kidole gumba kwenye wino. Wahida aliona haya, akaifunika alama ile kwa kiganja ili wenzake wasiione.

Alitaka kuchana, akakumbuka sharti. Alimpelekea Gertruda. "Nimeipata hadithi, Mwalimu, lakini itamuumiza mama."

"Ni ya kweli?"

"Kweli tupu."

"Imalize. Kisha mpe mwenyewe aamue."

Aliimaliza, akaisahihisha, akainakili vizuri. Bi Mardhiya aliipokea, akajifungia nayo chumbani siku tano kujizoeza. Wahida hakula vizuri siku hizo.

Siku ya mahafali Bi Mardhiya alisimama, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye kiganja, alinyamaza. Watu walidhani neno limemshinda. Mwalimu wa kisomo akainuka amsaidie.

"Kaa, mwalimu," alisema Bi Mardhiya. "Neno naliona. Nalipumzikia tu."

Kisha akaisoma sentensi ile kwa sauti kubwa kuliko zote, akaendelea mpaka mwisho. Watu walipiga makofi na vigelegele. Wahida alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta.

Njiani kurudi nyumbani, Bi Mardhiya alimshika mkono. "Siku ile nilikiona kiganja chako, Wahida. Nililia njia nzima. Leo nimeisoma kwa mdomo wangu, imekwisha."

"Nisamehe, mama."

"Nimesema imekwisha. Kesho alfajiri unaandika nini?"

"Sijui," alisema Wahida, na safari hii kutojua hakukumtisha. "Lakini nitaandika."