Mfuko Ulioshonwa Kimya Kimya

Kila siku ya likizo, ikifika saa nne asubuhi, Redio aliegemeza simu ya mama yake kwenye birika na kuingia darasani. Jina hilo alipewa na kaka zake, maana mdomo wake haukujua kuzimwa. Darasa lilikuwa la ushonaji, kwa njia ya mtandao. Mwalimu hajamaliza sentensi, Redio keshatuma: "Nimeelewa, mwalimu!" Kisha maua, mioyo na vidole gumba.

"Hongera, Redio! Wengine mwigeni," mwalimu alisema kila mara.

Sindano, hata hivyo, hakuigusa. Nyuma yake bibi yake alikaa mkekani, akisikiliza bila kutia neno.

Siku ya tano mwalimu akasema, "Leo kila mmoja anionyeshe mfuko wa gauni alioushona. Tuanze na Redio."

Redio akageuka huku na huku. Pale mkekani aliona mfuko mwekundu, pembe zake zimekaa sawasawa. Akaunyakua na kuuweka mbele ya kamera.

"Safi sana! Hebu tueleze, pembe hizi ulizikunjaje?"

Redio aliugeuzageuza mfuko mkononi. Wenzake ishirini walimkodolea macho. Angeweza kusingizia mtandao. Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kuzima. Akakiondoa.

"Samahani, mwalimu. Si wangu, ni wa bibi. Mimi sijashona hata mmoja."

"Bibi? Bibi gani tena?"

"Mie hapa, mwanangu," bibi alisema, akasogea mpaka pua yake ikajaa kioo kizima. "Nimeshona sita. Mjukuu wangu akituma vidole, mie nilikuwa natumia vyangu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Redio naye akacheka, machozi yakimlenga.

Mchana ule bibi alimfundisha. Mfuko wa kwanza ulikunjamana kama uso wa mtoto aliyenyimwa maziwa. Wa pili ulishonwa ukafungwa mdomo, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Wa tatu ukakubali. Kesho yake Redio aliuonyesha darasani, akaeleza kila pembe.

"Huo sasa ni wako," mwalimu alisema. "Hata mimi nimejifunza. Niliwasifu wanaosema, nikawasahau wanaofanya kazi kimya. Nanyi, wanangu, msiniambie mmeelewa wakati hamjaelewa. Semeni kweli, nami nitarudia hata mara kumi."

"Mwalimu," Redio akadakia, "zipu sijaielewa hata kidogo!"

"Haya, tuanze hapo," mwalimu akajibu, akitabasamu.