Kitabu Alichokisifu Filagro

Maiti ya Eudemo ilikuwa chali kando ya meza, fuvu limepasuka, kinara cha shaba kilichompasua kimelala miguuni pake. Mezani palikuwa na sahani mbili zenye miiba ya samaki, vikombe viwili vya mvinyo, na gombo la kitabu chake kipya limekunjuliwa mwanzoni.

Psenosiri, mkuu wa upelelezi wa Aleksandria, aliugusa mkono wa marehemu. Umekakamaa, ameuawa jana jioni. Mlango haukuvunjwa, hakuna kilichoibwa. Muuaji alikaribishwa, akala, akashiba, akaua. Mla nawe hafi nawe, wahenga hawakukosea.

Kitabu kile kilikuwa gumzo la mji. Eudemo, mwanafalsafa Mstoa, alikuwa ameandika historia ya Misri, miungu yake na maisha ya makuhani wake, na karamu zote zikawa Eudemo hivi, Eudemo vile. Kuhani Harpaesi alikuwa amemfokea sokoni kwa kuanika siri za hekalu. Kwa hiyo liwali aliposikia kuhani huyo ameonekana mezani pa marehemu, alimtia pingu papo hapo. Jioni angesulubiwa.

Shahidi alikuwa Filagro, Mstoa mwingine, aliyesoma na marehemu huko Tarso tangu ujanani. Psenosiri alimwita palepale penye meza. Wastoa hujigamba kwamba mwenye hekima hachomwi na hasira wala wivu. Psenosiri hakuwaamini hata siku moja. Yeye mwenyewe alipitwa cheo na shemeji yake, na hadi leo akimwona hugeuza njia.

"Kuhani ulimwona wapi?"

"Hapo mezani, nilipopita kumsalimu Eudemo. Walikuwa wanabishana."

"Huku wanakula?"

"Kuhani alikuwa anawafakamia samaki. Nikawaacha."

"Kitabu cha marehemu umekisoma?"

"Nimekisoma, nikakirudia. Ulizia mjini, bwana mkubwa, nani amekisifu kunishinda."

"Humo imeandikwa makuhani hawagusi samaki maisha yao yote. Mama yangu ni Mmisri, hilo nalijua tangu natambaa. Wewe wa kuja ungelisoma humo."

Filagro akasema labda njaa ilimzidi, kuhani naye ni mtu.

"Labda. Kitabu kinaanzaje?"

"Kinaanza... kwa kuiomba miungu. Kama vitabu vyote vya namna hiyo."

Psenosiri akalivuta gombo, akasoma polepole: "Kwa Filagro, rafiki yangu, ambaye kalamu yake huishinda yangu."

Filagro aliketi chini.

"Sikuwahi kukifungua," akasema. "Nilikisifu kila mahali, lakini kila nikikishika nakirudisha chini. Hujui adha ya kuulizwa mpaka na wauza mboga, yule rafiki yako, mwandishi mkubwa, hajambo? Mimi nimeandika miaka yote, nani ameniuliza habari zangu?"

"Na jana?"

Jana Eudemo alikuwa amemwalika, wakala samaki. Kisha akamwambia kwa upole kwamba anajua hajakisoma, maana angekisoma asingekaa kimya. Akalifungua gombo amwonyeshe mwanzo. Filagro akadhani anasimangwa, hakutazama.

"Akanishika bega. Akaniambia, hakuna neno, ndugu yangu, wivu ni ubinadamu. Alinihurumia, mkuu. Angenitukana angekuwa hai leo."

Akakiri yote. Kinara kilikuwa karibu na mkono wake, na kuhani alikuwa karibu na ulimi wake, kwa kuwa mji mzima ulisikia ule ugomvi wa sokoni.

Psenosiri alituma neno kwa liwali, na Harpaesi akafunguliwa pingu. Wakati wa kungoja askari, Filagro aliomba kukisoma kitabu. Psenosiri alimpa. Alisoma midomo ikimchezacheza, na akafika mbali. Askari walipomwinua, machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Kizuri?" Psenosiri aliuliza.

"Kizuri kweli," akajibu Filagro, meno yameumana. "Mshenzi yule. Kizuri kuliko vyote nilivyoandika mimi."