Kipini cha Ulimi

Fundi cherehani aliweka chakula mezani. Mdogo wake akakitazama, akameza mate kwa taabu, akaisukuma sahani.

"Leo tena?" fundi, dada yake, aliuliza. "Juzi ulisema umeshiba. Jana jino. Leo nini?"

Kijana akatikisa kichwa. Mtaani walimwita Spika. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni pa duka la nguo na kipaza sauti, akiita wateja kutwa. Leo alikuwa bubu.

"Fungua mdomo."

"Thina kitu."

"Huna kitu, na kusema 'sina' kumekushinda? Fungua!"

Akafungua. Katikati ya ulimi palikuwa na kipini cha chuma. Ulimi ulikuwa umevimba, na usaha ulikizunguka.

"Mungu wangu! Nani kakufanyia haya?"

"Kinyothi."

"Kinyozi! Nywele zimekwisha kichwani, sasa anahamia mdomoni?"

Dada akachukua koleo ndogo kwenye droo ya cherehani. "Njoo nikitoe!"

Wakati huo jirani yao aliingia kuchukua gauni lake. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya meno.

"Weka koleo chini, jirani," alisema. "Ukikivuta utamchana, na ulimi una damu nyingi. Anapumua vizuri?"

"Anapumua. Akili ndiyo haipo."

Muuguzi hakucheka. Aliuangalia ulimi. "Ukizidi kuvimba utaziba njia ya hewa. Twendeni hospitali sasa hivi."

"Nimethukutua kwa maji ya chumvi," Spika alijitetea.

"Chumvi haitoshi. Usaha unataka daktari. Na sindano aliyokutobolea, kinyozi aliitoa wapi?"

"Kwenye kikombe. Alimtoboa mwenthangu kwantha."

"Kwanza!" Dada alishika kichwa. "Yaani mmepokezana sindano kama kijiko cha sukari?"

"Sindano ya kushirikiana huweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini," muuguzi alieleza. "Mwambie daktari siku uliyotobolewa. Usimfiche. Kuna dawa za kukinga, lakini lazima zianze mapema. Ukichelewa hazisaidii. Na huyo mwenzako naye mwite."

Spika aliinama. Sasa aliogopa kweli.

Njiani dada hakuacha kulalamika. "Mdomo ndio jembe lako! Mkulima gani hutoboa jembe?"

Daktari alikitoa kipini, akampa dawa za usaha na za kukinga virusi. Alimwonya kwamba hata ulimi ukitobolewa kwa usafi, chuma hugonga meno na kuyavunja, na hula fizi. Alimpima damu, akamwambia arudi kupimwa tena.

Spika alimeza dawa zote, huku dada akisimama mlangoni kama askari. Uvimbe ukaisha. Aliporudia vipimo baada ya miezi mitatu, damu yake ilikuwa salama. Ya mwenzake pia. Dada alilia, kisha akamgombeza upya.

Lakini hata kabla ya majibu hayo, mara tu uvimbe ulipoisha, Spika alimpeleka muuguzi kwa kinyozi. Muuguzi alieleza yote, bila matusi. Kinyozi alikitazama kikombe chake cha sindano, uso ukamshuka.

"Mimi nilijua kunyoa," alisema. "Hili nilijifanya najua tu."

Akampa muuguzi kikombe, akakiteketeze hospitali.

Kwenye benchi walikuwa wamekaa vijana wawili. "Na sisi je?" mmoja aliuliza. "Tulikuwa tunasubiri zamu ya ulimi."

Spika akajibu kwa sauti iliyofika barabarani: "Zamu ni ya nywele tu!"

Kijana wa kwanza akavua kofia, akakaa kitini.